Uzito Unaokaa Mgongoni mwa Pikapu: Uchambuzi wa Trela la Gurudumu la Tano

Miongoni mwa vyombo vinavyotumiwa Marekani na Kanada kupiga kambi bila kulala hemani, trela la gurudumu la tano ndilo linaloikaribia nyumba zaidi, na pia ndilo linalomdai mwenye nalo hesabu nyingi kuliko anavyodhani siku anapolinunua. Ni trela la makazi ambalo sehemu yake ya mbele imeinuliwa na kujitokeza kama roshani, ikakaa juu ya bodi ya mizigo ya pikapu, na chini ya roshani hiyo huning'inia pini nene ya chuma, yaani kingpini, ambayo huingia katika sahani yenye taya iliyofungwa ndani ya bodi, juu ya ekseli ya nyuma au mbele yake kidogo. Msomaji aliyewahi kutazama kichwa cha lori kikiunganishwa na tela karibu na bandari ya Mombasa au ya Dar es Salaam anaufahamu utaratibu huo tayari, kwa sababu ni uleule, na hata kipenyo cha pini cha inchi 2 (milimita 50.8) ni kilekile, kilichobadilika ni kwamba shehena imekuwa sebule, jiko, bafu na chumba cha kulala, na dereva aghalabu ni mstaafu mwenye leseni ya gari dogo.

Jina limerithiwa kutoka magari ya farasi, ambayo mbali na magurudumu yake manne yalikuwa na duara la chuma lililolazwa juu ya ekseli ya mbele ili ekseli hiyo iweze kugeuka, na malori yalipoanza kuvuta tela mwanzoni mwa karne ya 20 yalilichukua duara hilo pamoja na jina lake. Mwishoni mwa miaka ya 1920 Glenn Curtiss, aliyekuwa tayari amepata umaarufu kwa kuunda na kurusha ndege, alitengeneza huko Florida trela la kuishi aliloliita Aerocar, ambalo kiunzi chake kilijengwa kwa mbinu za kiunzi cha ndege na ambalo liliunganishwa na gari dogo kwa gurudumu la ndege lililolazwa nyuma ya viti. Mtu aliyezoea ndege alianza na swali la uzito, kwa kuwa katika ndege hakuna swali jingine linaloweza kutangulia. Wazalishaji waliokuja baadaye walianza na swali la nafasi, na tofauti hiyo ya mahali pa kuanzia ndiyo chimbuko la matatizo mengi yatakayojadiliwa hapa. Hoja inayoongoza uchambuzi huu ni kwamba karibu kila uamuzi kuhusu trela la aina hii, kuanzia kulichagua hadi kuliegesha kambini, ni uamuzi kuhusu uzito, na kwamba uzito unaopasa kutazamwa kwanza ni ule unaokaa mgongoni mwa pikapu, ilhali matangazo ya biashara husifu ule unaokokotwa.

Ili jambo hilo lieleweke ni vyema kuanza na sababu ya watu kulipendelea trela hili. Trela la kawaida la kambi huunganishwa kwa tufe la chuma lililo nyuma ya bampa, yapata mita moja na nusu nyuma ya ekseli ya gari, hivyo upepo wa ubavuni au lori linalopita kwa kasi linapousukuma mkia wa trela, nguvu hiyo hupata mkono mrefu wa kuiyumbisha pikapu nzima, na yumbo likikolea huenda dereva asiweze kulituliza. Trela la gurudumu la tano halina mkono huo, kwa maana pini yake hukaa juu ya ekseli yenyewe, na nguvu ya ubavuni huishia kwenye matairi badala ya kuzungusha mwili wa gari. Utulivu huo, hata hivyo, una gharama yake. Trela la bampa hulitwika gari asilimia 10 hadi 15 tu ya uzito wake, wakati trela la gurudumu la tano huitwika pikapu asilimia 15 hadi 25, na kwa hesabu za kawaida asilimia 20 huchukuliwa kuwa kadirio la haki. Sehemu hiyo inayoibebesha pikapu huitwa uzito wa pini.

Pikapu nayo ina vipimo viwili ambavyo wanunuzi huvichanganya. Cha kwanza ni uwezo wa kuvuta, ambao huonyesha jumla ya uzito ambao injini, gia na chasisi vinaweza kukokota. Cha pili ni uwezo wa kubeba, ambao ni kilo zinazoruhusiwa kuwekwa juu ya springi, ekseli na matairi ya pikapu, na ambao huandikwa katika kibandiko cheupe chenye alama ya njano kwenye fremu ya mlango wa dereva. Uwezo wa kuvuta ndio unaotangazwa kwa maandishi makubwa, ingawa kwa trela hili uwezo wa kubeba ndio unaokwisha kwanza.

Mfano utadhihirisha. Trela la ukubwa wa wastani, ambalo uzito wake wa juu unaoruhusiwa likiwa limejazwa vitu ni pauni 14,000 (kilo 6,350), litakuwa na uzito wa pini wa takriban kilo 1,270. Ukiongeza watu wawili wenye kilo 150 kwa pamoja, sahani ya kuunganishia yenye kilo 80, na sanduku la vifaa lenye kilo 60, mzigo wa pikapu unafika kilo 1,560 kabla mbwa hajapanda. Pikapu ya daraja linaloitwa na Wamarekani robo tatu ya tani, yenye injini ya dizeli, mara nyingi husajiliwa kwa uzito wa juu wa pauni 10,000 (kilo 4,536) kwa kuwa huo ndio mpaka wa daraja lake, na kwa vile yenyewe, pamoja na injini hiyo nzito, hukaribia kilo 3,500, kinachobaki kwa kubeba ni kama kilo 1,000 hivi. Gari ambalo kijitabu chake kinajigamba kuwa huvuta tani 7 au zaidi linazidiwa kwa nusu tani na trela la tani 6. Jambo hili huwashangaza wengi, na wauzaji wasiopenda kupoteza mteja hawana haraka ya kulieleza. Pikapu ya daraja la tani moja yenye matairi mawili nyuma, ikiandaliwa vizuri, hubeba kati ya kilo 1,700 na 1,900 hivi, na ile yenye matairi manne nyuma hufika kilo 2,400 na kuendelea, na ndiyo maana matrela makubwa yenye urefu wa futi 40 (mita 12) hayana mvutaji wa haki isipokuwa hiyo ya mwisho. Majina ya robo tatu ya tani na tani moja, kwa njia, ni masalia ya zamani tu na hayalingani na kilo zozote zilizoandikwa mlangoni.

Kosa la pili huzaliwa na vijitabu vya viwandani, ambavyo hutaja uzito wa pini wa trela likiwa tupu. Hakuna anayesafiri na trela tupu. Betri, mitungi miwili ya gesi, jenereta na makasha ya vifaa huwekwa katika stoo ya mbele, ambayo iko karibu na pini, hivyo sehemu kubwa ya kila kilo inayoingia humo huishia mgongoni mwa pikapu. Mashine ya kufulia ikifungwa katika kabati la chumba cha kulala cha mbele hufanya vivyo hivyo. Kinyume chake, baiskeli na mizigo inayoning'inizwa nyuma ya trela hupunguza uzito wa pini, jambo ambalo linaweza kuonekana kuwa nafuu lakini ambalo likizidi huondoa utulivu uliokuwa sababu ya kulinunua trela hilo. Nafasi ya tangi la maji safi pia hubadilisha mizani yote, kwa sababu lita moja ni kilo moja, na matangi ya lita 200 hadi 300 ni ya kawaida.

Inashangaza kidogo kwamba hesabu hizi zote huachwa mikononi mwa mnunuzi. Dereva wa lori anayetoka Mombasa kwenda Kampala hupimwa Mariakani na vituo vingine vya mizani vilivyo njiani, mwenzake anayetoka Dar es Salaam hupimwa Vigwaza, na sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 inaeleza uzito unaoruhusiwa kwa kila ekseli na mwisho wa tani 56 kwa gari zima. Marekani nako malori ya biashara hupimwa kwa ukali, lakini mwenye trela lake la matembezi kwa kawaida hupita kituo cha mizani bila kusimama, na katika majimbo mengi anaweza kuendesha msafara wa zaidi ya tani 10 kwa leseni aliyoipata akiwa kijana. California ni miongoni mwa majimbo yanayotaka zaidi, kwa kuwa anayevuta trela la gurudumu la tano linalozidi pauni 15,000 (kilo 6,800) huko hana budi kuwa na leseni ya daraja A isiyo ya kibiashara. Kwa hiyo anayetaka kujua ukweli hujipima mwenyewe, na njia iliyo rahisi ni mizani ya CAT Scale, mtandao ulioanza mwaka 1977 na unaopatikana katika vituo vya mafuta vya malori, ambao majukwaa yake matatu huonyesha kwa wakati mmoja uzito wa ekseli ya mbele, ekseli ya nyuma na ekseli za trela. Msafara hupimwa kwanza ukiwa umeunganishwa, kisha pikapu hupimwa peke yake, na tofauti ya uzito wa pikapu katika vipimo hivyo viwili ndiyo uzito halisi wa pini. Gharama yake ni ndogo sana ikilinganishwa na bei ya ekseli, na haieleweki kwa nini wamiliki wengi humaliza miaka bila kuifanya.

Kuhusu nyumba yenyewe, mnunuzi hukutana na majina mengi yanayoficha uchache wa watengenezaji. Sehemu kubwa ya matrela haya hutoka Elkhart na miji jirani, kaskazini mwa jimbo la Indiana, ambako mafundi wengi ni Waamishi, jumuiya ya Kikristo ambayo wengi wa waumini wake hawamiliki gari, na ambao hupelekwa kazini na madereva wa kukodi ili wakaunde nyumba za kukimbia barabarani. Makampuni mawili makubwa, Thor Industries, yenye Keystone na Jayco, na Forest River, iliyonunuliwa na Berkshire Hathaway mwaka 2005, humiliki idadi kubwa ya chapa, na chasisi nyingi hutoka kwa Lippert, huku majokofu, viyoyozi na breki vikitoka kwa wauzaji walewale wachache. Kulinganisha chapa kwa chapa, basi, kuna faida ndogo kuliko kulinganisha kibandiko cha uzito kwa kibandiko cha uzito, na hasa kutazama tofauti kati ya uzito mtupu na uzito wa juu unaoruhusiwa, kwa kuwa tofauti hiyo ndiyo nafasi ya mzigo iliyobaki kwa nguo, vyombo, chakula, maji na zana. Yapo matrela ya kifahari ambayo marumaru, viti vya umeme na meko ya mapambo vimekula nafasi hiyo mpaka familia ya watu wanne haiwezi kuingiza vitu vyake bila kuvuka mpaka.

Ukumbi wa matrela haya hupanuliwa kwa slaidi, yaani sehemu za ukuta zenye sakafu na paa lake ambazo husukumwa nje kwa mota au kwa haidroliki baada ya trela kusimama na kurudishwa ndani kabla ya safari. Ni uvumbuzi unaofanya chumba chembamba cha futi 8 na nusu, upana ambao sheria za barabara huruhusu, kiwe sebule ya kukaa watu sita. Lakini kila slaidi huongeza uzito, huongeza mpira wa kuziba maji unaozeeka, na huongeza mota ambayo siku moja itagoma. Jaribio ambalo mnunuzi makini hulifanya ni kulitaka trela lifungwe slaidi zote, kisha aone kama anaweza kufika chooni na kufungua jokofu, maana hiyo ndiyo hali atakayoikuta kila atakaposimama njiani kwa chakula cha mchana. Mipangilio mingine, kama sebule ya mbele au ya nyuma, chumba cha watoto chenye vitanda vya ghorofa, au gereji ya nyuma ya kuingizia pikipiki, ni suala la mahitaji ya familia na halihitaji falsafa nyingi, isipokuwa kukumbuka kwamba gereji tupu na gereji iliyojaa huleta uzito wa pini tofauti kabisa.

Adui mkubwa wa nyumba hizi ni maji. Kuta za nyingi kati yake ni tabaka za fiberiglasi, mbao nyembamba na povu zilizogandishwa kwa gundi juu ya fremu ya alumini, na paa hufunikwa kwa utando wa mpira au plastiki ambao pembe zake na mashimo ya mabomba huzibwa kwa lakiri. Lakiri ikipasuka, maji huingia taratibu bila kuonekana, gundi huachia, na ukuta huanza kuvimba, hali ambayo gharama ya kuitengeneza mara nyingi huzidi thamani ya trela. Anayenunua lililotumika hana budi kupanda juu ya paa, kubonyeza sakafu kwenye pembe na kando ya slaidi, na kunusa ndani ya makabati kabla hajavutiwa na mapambo. Hata hivyo kununua lililotumika la miaka mitatu hadi mitano kuna busara yake, kwa kuwa mikopo ya matrela mapya hufika miaka 15 hadi 20 wakati dhamana ya nyumba aghalabu ni mwaka mmoja tu, na thamani huporomoka haraka katika miaka ya mwanzo, ilhali kasoro za kiwandani huwa zimekwisha kujitokeza na kurekebishwa kwa fedha na uvumilivu wa mtu mwingine.

Katika uandaaji, kifaa cha kwanza ni sahani ya kuunganishia, na uchaguzi wake hutegemea urefu wa bodi. Bodi ya futi 8 huacha nafasi ya kutosha kati ya kabini na pembe ya mbele ya trela hata katika kona kali, lakini bodi fupi ya futi 6 na nusu huhitaji sahani inayoteleza kwenda nyuma wakati wa kona, la sivyo pembe ya trela inaweza kuvunja kioo cha nyuma cha pikapu. Kati ya kingo za bodi na sehemu ya chini ya roshani huachwa nafasi ya takriban sentimita 15, ili barabara yenye mawimbi isizigonganishe. Kuunganisha kwenyewe ni kazi ya utulivu, na hatari yake kuu hutokea pini inapokaa juu ya taya badala ya kuingia ndani yake, kwa kuwa dereva anayeinua miguu ya trela na kuondoka katika hali hiyo huliangusha trela zima juu ya kingo za bodi. Kinga yake ni kuangalia taya kwa tochi, kisha kushika breki za trela na kuvuta mbele kidogo miguu ikiwa bado chini. Dereva wa lori hufanya hivyo kwa mazoea, lakini dereva wa likizo, anayeunganisha mara chache kwa mwaka, anahitaji kuyaandika na kuyafuata kama rubani anavyofuata orodha yake.

Breki za matrela mengi ni za ngoma na huendeshwa kwa umeme kutoka kifaa kilichoko kabini, ingawa matrela mazito zaidi hufaidika sana na breki za diski zinazosukumwa kwa haidroliki. Zaidi ya hapo kuna kebo nyembamba inayofungwa kwenye pikapu, ambayo trela likichomoka huvutwa na kuziamsha breki zenyewe. Matairi nayo ni ya aina maalumu ya matrela, na wengi huyahukumu vibaya kwa kuangalia kashata. Tairi la trela huzeeka kwa jua na kusimama muda mrefu, hupasuka kwa upungufu wa upepo na kwa uzito uliozidi, na mara nyingi hufa likiwa na kashata nzuri, hivyo umri wake ndio wa kutazamwa: tarakimu nne za mwisho za namba iliyogongwa ubavuni hutaja wiki na mwaka, kwa mfano 2323 ikimaanisha wiki ya 23 ya mwaka 2023, na wazoefu huyabadilisha baada ya miaka mitano au sita. Tairi linalopasuka mwendoni halivunji safari tu, bali vipande vyake hung'oa mabomba na sakafu juu yake.

Umeme unastahili maelezo marefu kidogo, kwa sababu ndiko matarajio na fizikia hugombana. Trela kubwa huunganishwa kambini kwa plagi ya ampea 50, ambayo kwa kweli ni nyaya mbili za volti 120 zenye ampea 50 kila moja, jumla wati 12,000. Trela dogo hutumia plagi ya ampea 30, yaani wati 3,600 tu, tofauti iliyo kubwa kuliko namba 30 na 50 zinavyodokeza. Nguzo za umeme za kambi za zamani huwa na nyaya zilizolegea, na kifaa cha kukagua umeme kinachokata volti zikishuka au zikipanda kupita kiasi hulinda viyoyozi na jokofu. Nje ya kambi za namna hiyo, betri ndizo zinazoamua. Betri moja ya ampea-saa 100 kwa volti 12 huhifadhi takriban uniti 1.2 za umeme; ya risasi haifai kutolewa zaidi ya nusu yake, wakati ya lithiamu hutolewa karibu yote na ina uzito mdogo zaidi. Paneli za sola za wati 400 katika majira ya baridi ya Arizona, zikipata jua kamili la saa nne au tano, huleta kati ya uniti 1.6 na 2 kwa siku, kiasi kinachotosha taa, pampu ya maji, simu, kompyuta na jokofu la kisasa la volti 12, lakini kiyoyozi kimoja cha paa, kinachokula uniti moja na nusu kwa saa, kingezimaliza kabla ya adhuhuri. Anayesema amewekewa sola ili apate baridi jangwani, kwa hiyo, ama ana betri nyingi mno, ama ana jenereta, ama hajafika jangwani.

Maji huja na matangi matatu: la maji safi, la maji yaliyoogea na kuoshea vyombo, na la maji ya choo. Kirekebisha msukumo huhitajika bombani kwa sababu mabomba ya plastiki ya trela hayavumilii msukumo wa baadhi ya kambi, na mpira wa maji ya kunywa hautumiwi kamwe kwa kazi nyingine. Kosa la wageni ni kuacha vali ya tangi la choo wazi kambini wakidhani wanajipunguzia kazi, ilhali maji hutoka peke yake na kuacha uchafu ukijirundika na kukauka. Vali hufungwa mpaka tangi lifike theluthi mbili, ndipo hufunguliwa la choo kwanza na la maji ya kuoshea baadaye, ili maji hayo yausafishe mpira wa majitaka.

Mahali pa kupiga kambi huamuliwa na urefu na kimo kabla ya mandhari. Nyingi ya kambi za hifadhi za taifa za Marekani zilijengwa zamani za mahema na matrela mafupi, na barabara zake hazijapanuka tangu hapo. Katika hifadhi ya Glacier, Montana, magari yenye urefu unaozidi futi 21, pamoja na kinachovutwa, hayaruhusiwi kwenye kipande cha milimani cha barabara ya Going-to-the-Sun, hivyo trela huachwa chini na wenye nalo hupanda kwa pikapu au basi, ikiwa pikapu yenyewe si ndefu kupita kiasi. Handaki la Zion, Utah, lililofunguliwa mwaka 1930, kwa muda mrefu halikupitisha chochote chenye kimo cha zaidi ya futi 13 na inchi 1, kimo ambacho matrela mengi ya aina hii hukikaribia au hukifikia. Nje ya hifadhi hali ni hiyohiyo: daraja la reli la Durham, North Carolina, lililopata umaarufu kwa kung'oa mapaa ya malori, liliinuliwa mwaka 2019 hadi futi 12 na inchi 4, na bado lingekwangua viyoyozi vya trela la kawaida. Ndiyo maana madereva wa busara huandika kimo cha trela lao, kikiwa kimepimwa kwa mkono na si kunakiliwa kijitabuni, mahali wanapokiona wakiendesha, na hutumia ramani za malori badala ya zile za magari madogo. Kona nazo zina hila yake, kwani trela hili hukata kona kwa ndani zaidi kuliko la bampa, na dereva asiyekwenda mbele vya kutosha kabla ya kukata usukani hupandisha matairi ya trela juu ya ukingo wa barabara au kugonga nguzo ya kituo cha mafuta.

Palipo na nafasi tele ni nyanda za umma za magharibi. Ofisi ya serikali ya usimamizi wa ardhi huruhusu kwa kawaida kukaa siku 14 mahali pamoja bila malipo, kisha msafiri huhama. Na kwa wanaotaka kukaa majira yote ya baridi yametengwa maeneo maalumu, maarufu zaidi likiwa La Posa, karibu na mji mdogo wa Quartzsite, Arizona, ambapo kuanzia tarehe 15 Septemba hadi 15 Aprili watu hukaa kwa kibali kimoja. Wastaafu kutoka Kanada na majimbo ya baridi huugeuza uwanda huo wa kokoto kuwa mji wa magurudumu. Wapo wanaokaa hivyo mwaka mzima bila nyumba nyingine, na kwa ajili ya anwani ya posta, leseni na kodi hujisajili katika majimbo yanayowapokea kwa urahisi. Klabu ya Escapees, iliyoanzishwa mwaka 1978 na Joe na Kay Peterson na yenye makao Livingston, Texas, hutoa huduma hiyo.

Yote yaliyotangulia humhusu anayehama. Lipo kundi jingine, kubwa kuliko picha za matangazo zinavyoonyesha, ambalo trela hili kwao ni makazi ya kazi: wachomeleaji wa mabomba ya mafuta wa Texas magharibi, wauguzi wa mikataba ya miezi mitatu, vibarua wa msimu, na wazee wanaosimama katika bustani moja ya matrela miaka mingi. Kwao hesabu hugeuka. Mtu anayehama mara moja kwa mwaka, au asiyehama kabisa, hana sababu ya kununua pikapu ya matairi sita inayokaa bila kazi siku 360, kwa kuwa yapo makampuni na madereva binafsi wanaokodishwa kuhamisha trela kwa malipo ya kilometa. Fedha aliyookoa ni bora aipeleke kwenye kuta nene, vioo viwili vya dirisha, sketi ya kuzuia upepo wa baridi chini ya sakafu, na uchunguzi wa bustani yenyewe, hususan kanuni yake kuhusu umri, maana zipo bustani zisizopokea trela lililozidi miaka kumi bila kulikagua kwanza, na trela lililokataliwa huko ndilo lenye taabu kubwa ya kupata mahali pa kwenda.